Titaniamu ya Unga na Bei ya Vyuma vya Mifupa

Mzee mmoja alinijia kliniki akiwa ameshika karatasi mbili za bei. Mpwa wake, kijana wa miaka 26 anayeendesha bodaboda, alikuwa amelazwa wodini kwa kuvunjika mfupa wa paja. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya bamba la chuma cha pua pamoja na skrubu zake. Ya pili ilikuwa ya bamba la titaniamu lenye umbo lilelile, na bei yake ilikaribia mara tatu ya lile la kwanza. "Daktari," akaniuliza, "tumeambiwa hili la titaniamu ndilo linaloponya. Tunacho kiwanja kidogo huko nyumbani. Tukiuze?"

Jibu la kitabibu la swali hilo ni fupi. Kazi ya bamba ni kuushikilia mfupa utulie mpaka uunge wenyewe. Kwa mivunjiko mingi ya mifupa mirefu, chuma cha pua kilichotengenezwa kwa viwango na kufungwa ipasavyo huifanya kazi hiyo vizuri kama titaniamu. Nilimwambia mzee kwamba kiwanja kisiuzwe. Hata hivyo, nyuma ya swali lake lilikuwapo swali jingine ambalo sikuwa na nafasi ya kulijibu siku ile, foleni ikiwa imefika mlangoni: kwa nini metali hii iwe ghali kiasi hicho, na je, ni lazima iendelee kuwa ghali? Kwa miaka mingi sasa wahandisi wamekuwa wakijaribu kuitengeneza kutokana na unga badala ya kuiyeyusha, kwa njia iitwayo metalujia ya unga, na shabaha yao kubwa ni bei. Wagonjwa wetu watafikiwa na vifaa vya namna hiyo, na baadhi yao huenda wamekwisha kufikiwa. Ni vema mhudumu wa afya ajue vinatoka wapi, na wapi vinaweza kumdhuru mgonjwa.

Metali isiyo adimu

Titaniamu si adimu hata kidogo. Ni elementi ya tisa kwa wingi katika gamba la dunia, na miongoni mwa metali zinazofaa kuundia vitu hutanguliwa na alumini, chuma na magnesi tu. Mchanga mzito wenye weusi unaoonekana katika baadhi ya fukwe zetu una madini yake, ilmeniti na rutili. Kule Kwale, kusini mwa Mombasa, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024 na kusafirishwa ng'ambo kwa meli kupitia Likoni. Sehemu kubwa sana ya madini haya duniani haigeuzwi kuwa metali kamwe. Hufanywa rangi nyeupe: ya kuta za nyumba, ya karatasi, ya plastiki, na hata ya vidonge tunavyowaandikia wagonjwa.

Kinachoifanya metali yenyewe iwe ghali ni jinsi inavyong'ang'ania oksijeni. Wahunzi wa Kihaya, karne nyingi zilizopita, waliweza kuitenga oksijeni na chuma kwa makaa na mivukuto. Titaniamu haikubali hivyo. Ukiichoma pamoja na makaa, hushikamana na kaboni na kuwa kitu kigumu kisichofaa kwa kazi yetu. Njia inayotumika viwandani hadi leo ilibuniwa katika miaka ya 1930 na Wilhelm Kroll, mzaliwa wa Luxembourg. Madini huchomwa pamoja na kaboni katika gesi ya klorini, yakapatikana majimaji yaitwayo tetrakloridi ya titaniamu. Majimaji hayo husafishwa, kisha huingizwa katika chombo kikubwa cha chuma chenye magnesi iliyoyeyuka, ndani ya gesi ya agoni, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi. Magnesi huinyang'anya titaniamu ile klorini, na metali hubaki ikiwa donge lenye matundu, nalo huitwa sifongo. Kazi hii hufanywa kwa mafungu, chombo kimoja baada ya kingine, na kila fungu huchukua siku kadhaa.

Mtu angedhani hapo ndipo gharama yote ilipo. Lakini tufanye hesabu ndogo. Katika miaka ya karibuni kilo moja ya sifongo imekuwa ikiuzwa katika soko la dunia kwa dola kumi hivi za Marekani. Bamba la mfupa wa paja lina uzito wa gramu mia moja, pengine na zaidi kidogo. Titaniamu iliyomo, kwa bei ya sifongo, ni ya dola moja au mbili. Mzee wangu hakuwa akiulizwa dola mbili.

Fedha nyingi huliwa njiani. Sifongo huvunjwavunjwa, hugandamizwa, na kuyeyushwa kwa umeme ndani ya ombwe, mara mbili au tatu, kwa kuwa titaniamu huyeyuka kwenye nyuzi 1,668 na ikiwa katika hali hiyo hushambulia karibu kila chombo kinachoibeba. Gogo linalopatikana hufuliwa, hubanwa na kunyooshwa kuwa mabamba na fito, na ndipo hupelekwa kwa wachongaji. Hapo tena ni taabu. Titaniamu haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la kuchonga hubaki kwenye ncha ya kifaa, na kifaa kikaisha upesi. Chenga zake nyembamba zaweza hata kushika moto. Bamba lililopinda kufuata umbo la mfupa, lenye matundu yaliyokatwa hesi za kupokea vichwa vya skrubu, huacha sakafuni chenga nyingi za metali iliyolipiwa tayari. Katika viwanda vya ndege hali ni mbaya zaidi, kwani kuna vipande ambavyo kwa kila kilo kumi zilizonunuliwa, kilo moja tu ndiyo huruka.

Juu ya hayo huja upimaji, usajili, usafirishaji na faida ya kila mkono unaokipitisha kifaa. Nalitaja hili mapema ili msomaji asitarajie miujiza: njia ya unga yaweza kupunguza gharama zilizo kati ya sifongo na bamba. Haiwezi kupunguza faida ya mfanyabiashara.

Unga, kalibu na tanuri

Wazo lenyewe si geni kwa mtu aliyewahi kumtazama mfinyanzi. Mfinyanzi hauyeyushi udongo. Huupa umbo ukiwa baridi, kisha huutia motoni, na chembe zake hushikana. Katika metalujia ya unga, unga wa titaniamu huchanganywa na unga wa metali nyingine zinazohitajika. Aloi inayotumika zaidi katika vipandikizi vya mifupa ina asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadiamu. Mchanganyiko hutiwa katika kalibu yenye umbo la kitu kinachotakiwa, hugandamizwa kwa shinikizo kubwa, kisha huingizwa katika tanuri la ombwe kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,300. Joto hilo liko mamia ya nyuzi chini ya kiwango cha kuyeyuka. Hata hivyo, pale chembe mbili zinapogusana, atomi huhama kutoka moja kwenda nyingine. Penye kugusana huota shingo, shingo hunenepa, vitundu vilivyo kati ya chembe husinyaa, na kipande kizima hupungua ukubwa. Kinachotoka tanurini kimekaribia umbo la mwisho, na chenga za sakafuni ni kidogo mno.

Unga wa bei nafuu hupatikana kwa kuitumia hidrojeni. Titaniamu iliyopashwa moto huimeza hidrojeni kama ardhi kavu inavyomeza maji, na ikishiba huwa dhaifu kama biskuti, hata ikasagika. Baada ya kusagwa, unga hupashwa moto katika ombwe, hidrojeni ikatoka yote, na metali ikarudia asili yake. Wataalamu wa Kyiv, nchini Ukraine, wakiongozwa na Orest Ivasishin, walikwenda hatua moja mbele: waliuacha unga na hidrojeni yake, wakaugandamiza hivyo hivyo, na kuiacha hidrojeni itoke ndani ya tanuri la mwisho. Ikitoka husaidia kuzisafisha nyuso za chembe, na kipande hushikamana vizuri zaidi. Huko Utah, nchini Marekani, Zak Fang na wenzake wameutumia mwenendo huohuo wa hidrojeni kuifanya metali iwe na punje ndogondogo, jambo linaloiongezea nguvu.

Wapo waliojaribu kuiepuka njia ya Kroll kabisa. Mwaka 2000 Derek Fray, Tom Farthing na George Chen wa Cambridge walitangaza katika jarida la *Nature* kwamba oksidi ya titaniamu yaweza kugeuzwa kuwa metali kwa umeme ndani ya chumvi iliyoyeyuka. Afrika Kusini, iliyo miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa madini haya, mwaka 2013 ilifungua mjini Pretoria mtambo wa majaribio wa kutengeneza unga wa titaniamu, chini ya taasisi yake ya utafiti, CSIR. Pamoja na juhudi hizo zote, sifongo nyingi duniani ingali inatengenezwa kwa njia ya Kroll.

Kwa vitu vidogo kama skrubu na vibanio vya meno, unga huchanganywa na nta na plastiki ukawa kama uji mzito, ukasindikwa ndani ya kalibu kwa mashine za namna ileile inayotengeneza ndoo na viti vya plastiki. Kisha plastiki huondolewa, na kinachobaki huchomwa. Na ipo njia ambayo wengi wameisikia, ya kuchapa kipande tabaka kwa tabaka kwa mwali wa leza unaoyeyusha unga. Hii yahitaji unga wenye chembe za mviringo kamili, ambao ni ghali sana, kwa hiyo nisingeiita njia ya bei nafuu. Manufaa yake ni pale mgonjwa mmoja anapohitaji umbo lake peke yake. Katika chuo kikuu cha teknolojia kilichoko Bloemfontein, Afrika Kusini, wamekuwa wakiwachapia hivyo vipandikizi vya titaniamu wagonjwa waliopoteza sehemu ya taya.

Msomaji akidhani haya ni mambo ya maabara tu, na aitazame barabara. Mwaka 1998 Toyota iliweka vali za titaniamu zilizotengenezwa kwa unga katika injini za baadhi ya magari ya Altezza, yale yale ambayo vijana wa Dar es Salaam wanayapenda kwa mngurumo wake. Kama unga uliogandamizwa na kuchomwa waweza kustahimili kugongwa maelfu ya mara kwa dakika katika moto wa injini, basi hatuna sababu ya kuidharau njia hii. Tofauti ni kwamba vali ikivunjika, gari huvutwa gereji.

Oksijeni, nje na ndani

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo, na hapa namwomba mhudumu wa afya anivumilie kidogo.

Mwili huipokea titaniamu kwa sababu ya oksijeni. Metali hii ikiguswa na hewa, papo hapo hujifunika utando wa oksidi mwembamba mno, usioonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Ukiukwaruza, hujirudia mara moja. Utando huo ndio unaozuia kutu katika maji ya chumvi ya mwilini, na juu yake ndipo mfupa unapokubali kuota. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Uswidi, aliweka vyombo vya titaniamu katika mifupa ya sungura ili atazame mwendo wa damu, na alipotaka kuvitoa alikuta vimeshikwa na mfupa haviondoki. Kutokana na tukio hilo tumepata meno ya kupandikiza yanayotumika duniani kote.

Lakini oksijeni hiyohiyo ikiingia ndani ya metali, mambo hugeuka. Hujipenyeza kati ya atomi na kuifanya metali iwe kavu: ngumu zaidi ukiipima kwa kuivuta, lakini isiyonyumbuka, na nyepesi kupasuka. Hidrojeni huingia na kutoka. Oksijeni ikishaingia, ombwe na moto havitoshi kuitoa. Ndiyo maana kiwango cha ASTM F136, kinachohusu aloi ya titaniamu safi zaidi kwa ajili ya vipandikizi, hakiruhusu oksijeni ipite asilimia 0.13.

Na unga ni mlango mpana wa oksijeni. Chukua mchemraba wa titaniamu wenye upande wa sentimita moja: uso wake wote ni sentimita za mraba sita. Ukatekate uwe vichemraba vyenye upande wa sehemu moja ya ishirini ya milimita, ukubwa wa chembe za unga wa kawaida. Utapata vichemraba milioni nane, na jumla ya nyuso zake itakuwa sentimita za mraba 1,200. Metali ni ileile, lakini uso umeongezeka mara 200, na kila mahali uso ulipo pana utando wa oksidi. Tanuri likipata moto, utando huyeyukia ndani ya metali. Ukisaga unga uwe laini zaidi ili kipande kishikamane vizuri, unaiongeza oksijeni. Ukiuacha na chembe kubwa ili oksijeni ipungue, vitundu hubaki. Kazi yote ya wataalamu hawa, tangu hidrojeni ya Kyiv hadi chumvi ya Cambridge, ni kutafuta upenyo kati ya hasara hizo mbili.

Vitundu navyo si jambo dogo. Mtu anayetembea kwa kawaida huulemea kila mguu mara zipatazo milioni moja kwa mwaka. Bamba lililo juu ya mfupa ambao haujaunga hupinda kidogo kwa kila hatua na kunyooka tena. Kitundu kimoja kilicho karibu na uso chaweza kuanzisha ufa, na ufa ukaendelea taratibu pasipo dalili, mpaka siku mgonjwa anaposikia mlio wa kukatika. Kipande cha unga chenye asilimia 97 ya uzito kinachopaswa kuwa nao chaweza kufaulu mtihani wa kuvutwa mara moja na kufeli mtihani wa kupindwa mara milioni. Dawa ya vitundu ipo: kipande hufungiwa ndani ya chombo cha gesi ya agoni kwenye nyuzi 900 na ushei, kwa shinikizo lipatalo mara elfu moja ya lile la hewa, na vitundu vilivyozibwa pande zote hujifumba. Lakini hatua hiyo ni ghali, na mtengenezaji anayekimbilia bei ya chini hujaribiwa kuiruka.

Niseme pia kwamba kuna mahali vitundu vinatakiwa. Ukakamavu wa chuma cha pua ni gigapaskali 200 hivi, wa aloi ya titaniamu ni 110, na wa mfupa mgumu ni takriban 20. Kipandikizi kilicho kigumu mno hubeba mzigo peke yake, na mfupa ulionyimwa kazi hukonda, kama mkono uliokaa sana ndani ya plasta. Kwa nyonga bandia, inayokusudiwa kukaa maisha yote, unga huchomewa juu ya uso wa kipandikizi makusudi, ukaacha vitundu ambamo mfupa huota na kujifunga. Wapo wanaochanganya unga wa titaniamu na chembe za chumvi ya kawaida, wakagandamiza, wakaiyeyusha chumvi kwa maji na kuacha nafasi zenye ukubwa walioupanga. Hapo njia ya unga hufanya jambo ambalo mchongaji hawezi kulifanya kwa bei yoyote.

Bamba la bei ya chini

Narudi kwa mzee na mpwa wake. Siku tatu baada ya mazungumzo yetu, ndugu walikuja wodini na furaha. Walikuwa wamepata bamba la titaniamu mahali pengine, kwa bei inayokaribiana na ile ya chuma cha pua. Boksi lilikuwa zuri. Lilikuwa na neno titaniamu kwa herufi kubwa na picha ya mfupa. Halikuwa na namba ya toleo, wala jina la kiwango, wala anwani ya kiwanda. Ratiba ya upasuaji ilikuwa imejaa, kijana alikuwa amekaa kitandani wiki ya pili, na mimi nililikubali.

Bamba lilikatika katika wiki ya kumi na mbili, kwenye tundu la skrubu lililo karibu na mvunjiko, kijana akiwa anatembea kwa magongo mawili kama nilivyomwelekeza. Sisemi kwamba bamba lile lilitengenezwa kwa unga. Sisemi hata kwamba lilikuwa titaniamu. Sikuweza kumwambia mzee kama kosa lilikuwa la metali, la mfupa uliochelewa kuunga, au langu katika kulipinda bamba na kuzipanga skrubu. Yote matatu hukata mabamba, na boksi halikunipa pa kuanzia kuuliza. Jambo ninalolijua ni kwamba nilikagua umbo lake, urefu wake na idadi ya matundu yake, na sikukagua kitu pekee ambacho macho hayawezi kukiona.

Tangu hapo, kabla ya kifaa kuingia chumba cha upasuaji, nauliza mambo ambayo muuguzi yeyote au ndugu wa mgonjwa aweza kuyauliza. Kifaa kimesajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo kwetu Tanzania ni TMDA? Kina namba ya toleo, na namba hiyo inalingana na ile iliyo kwenye hati ya kiwanda? Hati yataja kiwango gani? Kwa aloi iliyofuliwa kwa njia ya kawaida tutarajie ISO 5832-3 au ASTM F136. Kwa iliyotengenezwa kwa unga uliosindikwa na plastiki kipo kiwango chake, ASTM F2885. Kwa iliyochapwa kwa leza au mwali wa elektroni kipo ASTM F3001. Kutajwa kwa njia ya unga kusimtishe mtu. Kinachonitisha mimi ni kifaa kisichotaja njia yoyote. Na neno titaniamu pekee halitoshi, kwa kuwa titaniamu yenye oksijeni nyingi nayo ni titaniamu.

Kuhusu kuchagua kati ya metali hizi mbili, hali yenyewe ndiyo iongoze. Mgonjwa mwenye mzio wa nikeli ana sababu ya kupewa titaniamu, maana chuma cha pua cha upasuaji kina nikeli zaidi ya asilimia 10. Vilevile anayetarajiwa kupigwa picha za MRI mara kwa mara karibu na kipandikizi, kwa mfano mwenye uvimbe wa uti wa mgongo, kwani titaniamu huivuruga picha kidogo tu. Hii haina maana kwamba mwenye chuma cha pua mwilini amefungiwa MRI. Vyuma vya upasuaji vya kisasa kwa kawaida havivutwi na sumaku, ila mpiga picha aambiwe kabla. Meno ya kupandikiza, nyonga zinazoshikwa na mfupa bila saruji, na mapengo ya fuvu na taya ni himaya ya titaniamu. Kinyume chake, mtoto ambaye vyuma vyake vitatolewa baada ya kupona aweza kuhudumiwa vema zaidi na chuma cha pua, maana mfupa huota juu ya titaniamu, na skrubu zake hung'ang'ania. Nimewahi kutumia saa mbili kutoa skrubu mbili. Wenzangu wa chumba cha upasuaji wakumbuke pia kutofunga bamba la titaniamu kwa skrubu za chuma cha pua, na kutolikunja na kulikunjua bamba la titaniamu mara kwa mara kutafuta umbo, kwa kuwa kila alama ya koleo ni mwanzo wa ufa. Kifaa kilichowahi kuwekwa kwa mgonjwa mmoja kisiwekwe kwa mwingine, hata kikionekana kizima.

Mara nyingi huulizwa kama nasi tungeweza kutengeneza vipandikizi vyetu kutokana na mchanga wa pwani yetu. Kwa maoni yangu tusianze na tanuri. Unga wa titaniamu hulipuka ukitimka hewani karibu na cheche, na si kitu cha kujaribiwa katika karakana ya mtaani. Tuanze na maabara. Kipimo cha oksijeni huhitaji chenga ya metali yenye uzito mdogo kuliko punje chache za mchele: huchomwa ndani ya kikombe cha grafiti, na gesi inayotoka hupimwa. Mashine hiyo, pamoja na ile ya kupinda bamba mara milioni, ingeweza kuhudumia nchi kadhaa za ukanda wetu na kutuambia kila shehena inayoingia bandarini ina nini ndani yake. Nchi inayoweza kupima haitaogopa titaniamu ya bei nafuu, iwe imetoka Asia, Ulaya au Pretoria.

Kijana yule alifanyiwa upasuaji wa pili. Nilitoa vipande vya bamba, nikampandikizia mfupa kidogo kutoka nyongani, na kumwekea msumari wa chuma cha pua ndani ya mfupa wa paja. Baada ya miezi mitano picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga, naye akarudi barabarani. Alipokuja kliniki kwa mara ya mwisho aliandamana na mjomba wake. Mzee akauliza kama msumari huu nao ni titaniamu. Nikamjibu kwamba ni chuma cha pua, nikabandua kibandiko cha pili chenye namba ya toleo kutoka kwenye faili, na kumwomba akihifadhi pamoja na kadi ya kliniki.